Nani Ameshika Ufunguo wa Ghala?

*Mada iliyotolewa mjini Mpanda mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na sharika za Mkoa wa Katavi. Tunaichapa karibu yote kama ilivyotolewa, ili vikundi vya vijijini viisome na kuijadili.*



Nimeombwa nizungumzie haki ya chakula, na jinsi sisi wa huku tunavyoweza kupokea misaada ya kutoka nje bila kupoteza kilicho chetu. Naomba nianze na Maandiko, halafu tushuke hadi Urambo, Katumba, Mishamo na Mpimbwe.

Sote tunaifahamu habari ya Yusufu kule Misri. Katika miaka saba ya neema alikusanya sehemu ya tano ya mavuno yote ya nchi, na njaa ilipokuja watu walipona. Hapo ndipo mahubiri yetu mengi yanapoishia. Lakini nawaomba mkifika nyumbani msome Mwanzo sura ya 47. Mahindi yale, kama tunaweza kuyaita hivyo, hayakugawiwa bure. Mwaka wa kwanza watu waliyanunua kwa fedha zao hadi fedha zikaisha. Wakaleta mifugo, nayo ikaisha. Mwishowe walileta mashamba yao na miili yao wenyewe, wakawa watumwa wa Farao kwa ajili ya nafaka ambayo wao ndio walioilima. Na Maandiko yanaongeza jambo moja dogo: ardhi ya makuhani haikuguswa, kwa sababu wao walikuwa na posho kutoka kwa Farao. Sisi tulio viongozi wa dini tulitafakari hilo.

Kwa hiyo swali la haki ya chakula halikomei kwenye kuuliza kama chakula kipo. Misri chakula kilikuwepo. Swali ni nani ameshika ufunguo wa ghala.

Mkoa wenye chakula na watoto waliodumaa

Ndugu wajumbe, mkoa wetu ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka ule ilituhesabu watu 564,604; sensa ya mwaka 2022 ikatuhesabu 1,152,958. Yaani ndani ya miaka kumi tumeongezeka zaidi ya mara mbili. Wengi wamekuja kwa sababu hapa kuna ardhi na mvua. Tunalima mahindi, mpunga, mihogo, karanga na alizeti. Kwa miaka mingi Rukwa ya zamani, ambayo sisi tulikuwa sehemu yake, ilihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa inayolisha Taifa.

Sasa tazameni upande wa pili. Utafiti wa Taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Iringa, mkoa unaosifika kwa mahindi, walikuwa karibu 57. Njombe na Rukwa ni karibu nusu ya watoto wote. Kwetu Katavi ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Maghala yamejaa, na watoto wanadumaa kivulini mwake.

Sababu zake mnazijua kuliko mimi. Mtoto anapewa uji wa mahindi matupu asubuhi na ugali jioni. Karanga na maharage vimeuzwa. Dagaa wa Ikola na Karema wamepita barabarani kwenda mjini. Mama anashinda shambani tangu alfajiri, na wa kumlisha mtoto mchana ni dada yake wa miaka minane. Utafiti wa mwaka 2015–16 ulionyesha pia kwamba Katavi iliongoza nchi nzima kwa mimba za utotoni: wasichana 45 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Mtoto anazaliwa na mtoto ambaye mwili wake bado unakua, na wote wawili wanagombea sahani moja.

Katika hali hiyo akija mfadhili akatuletea tani mia za mahindi, atakuwa ametuletea kitu ambacho hatujakikosa.

Misaada tuliyokwisha kuiona

Tusidhani misaada ya nje ni jambo geni huku. Treni inayotoka Tabora kuja Mpanda inapita Urambo kabla ya kufika Kaliua. Pale Urambo, pamoja na Kongwa na Nachingwea, serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947. Nia yake ilikuwa kupata mafuta ya kula kwa ajili ya Waingereza baada ya vita. Matrekta yaliletwa kwa mamia, lakini wenyeji waliojua udongo ule na mvua ile hawakuulizwa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, zikiwa zimepotea paundi za Uingereza zipatazo milioni 36. Udongo ukabaki, wenyeji wakabaki, na karanga wakaendelea kuzilima kwa jembe la mkono kama walivyokuwa wakizilima kabla.

Wazee wetu wanakumbuka pia miaka ya njaa ya 1973 hadi 1975, na ukata wa miaka ya themanini, tulipokula bulga na ule unga wa njano ambao watu waliutania kwa jina la Yanga. Tusiudharau unga ule, uliokoa watu. Lakini tujue pia ulivyotufikia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1954 ilianzishwa ili nafaka iliyowazidi wakulima wao ipate pa kwenda, na sehemu kubwa yake ilipaswa kubebwa na meli zao wenyewe. Mwenye njaa alishiba, na mwenye meli naye akapata nauli yake.

Kuna na mgeni wa tatu, ambaye hadi leo hajaondoka. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, katika mkoa wa jirani wa Tabora, wataalamu walimtambua mdudu ambaye hakuwa wa huku. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Sisi tunamwita dumuzi, na wengine wamempa jina la Skania kwa jinsi anavyosaga. Inaaminika aliingia pamoja na shehena za mahindi kutoka nje. Akina mama waliokuwa wakihifadhi mahindi yakiwa na maganda yake juu ya dari la jikoni, kwa njia iliyofaa tangu enzi za bibi zao, wakakuta yamegeuka unga ndani ya miezi michache. Kihenge kilichotosha familia mwaka mzima hakikuaminika tena. Tangu hapo mkulima anayeogopa dumuzi huuza mapema, na anayeuza mapema huuza kwa bei ya kutupa.

Siyasemi haya ili tuwalaumu waliotusaidia. Nayasema ili tujue kwamba msaada haukomi siku gari linaposhusha mzigo. Unaendelea kufanya kazi, kwa wema au kwa ubaya, miaka arobaini baadaye.

Somo la Katumba na Mishamo

Lakini mkoa huu una mfano mwingine, na sijui kwa nini hatuusemi mara nyingi zaidi.

Mwaka 1972 maelfu ya ndugu zetu walikimbia mauaji ya Burundi. Serikali yetu iliwapokea. Katumba ilianzishwa hapa Mpanda mwaka 1973, Ulyankulu ikiwa Tabora, na Mishamo ikafuata kuanzia mwaka 1978 pale Ulyankulu ilipoelemewa na watu. Kazi iligawanywa kati ya pande tatu. Serikali ilitoa ardhi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, lilitafuta fedha. Na kazi ya kufungua barabara, kuchimba visima na kujenga shule na zahanati ilisimamiwa na TCRS, huduma ya Kikristo kwa wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo ilivyofanyika. Chakula cha msaada kiligawiwa katika misimu ya mwanzo, watu walipokuwa wakifyeka pori. Kule Mishamo kila familia ilipimiwa eneo la hekta tano. Mavuno yalipopatikana, mgawo ukakoma. Mwaka 1985 uendeshaji wa Mishamo ulikabidhiwa serikalini. Watu walioingia wakiwa na fundo la nguo kichwani waligeuka kuwa wauzaji wa mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Mpanda ilikula chakula chao. Hapo ikatimia methali nyingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen, heshima kubwa anayopewa mtu aliyewatendea mema wakimbizi, na mimi naamini jasho la Katumba na Mishamo limo ndani ya nishani ile.

Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Mkimbizi alikuwa na shamba lakini hakuwa na hati yake. Alihitaji kibali ili kutoka nje ya makazi. Alilima kwa miaka thelathini na zaidi juu ya ardhi ambayo angeweza kuambiwa aiache wakati wowote. Alikuwa na jembe na alikuwa na mavuno, ila ufunguo wa ghala bado ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Hilo lilionekana wazi miaka ya karibuni. Kuanzia mwaka 2007 serikali iliwauliza wakimbizi wa 1972 kama wanataka kurudi Burundi au kuwa raia wa Tanzania. Takriban wanne katika kila watano walichagua Tanzania, na mwaka 2010 watu zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia. Lakini waliambiwa kwamba makazi yatafungwa na wao watatawanywa katika mikoa mingine.

Mwaka huohuo wa 2010, Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda ilitia saini hati ya makubaliano na AgriSol Energy, kampuni yenye asili yake katika jimbo la Iowa, Marekani. Kampuni ilikusudia kulima mashamba makubwa ya biashara katika Katumba, Mishamo na Lugufu kule Kigoma, jumla yake ikiwa zaidi ya hekta 300,000. Mpango ule ulielezwa kuwa ni wa maendeleo: ungeleta mbegu bora, mitambo na ajira, na ungeongeza chakula nchini. Lakini Katumba na Mishamo zingepatikana tu kama waliokuwamo wangeondoka. Yaani ili chakula kiongezeke, wanaozalisha chakula wahamishwe!

Mwaka 2011 taasisi ya Oakland ya Marekani iliitoa habari ile hadharani. Watu wa Iowa kwenyewe walianza kuuliza maswali, na chuo kikuu cha jimbo hilo, kilichokuwa kimeshirikishwa katika mpango, kikajitoa. Mpango haukutekelezwa Katumba wala Mishamo. Sharti la kuhama nalo liliachwa, na kuanzia Oktoba 2014 watu walianza kupokea vyeti vyao vya uraia wakiwa palepale walipolima.

Ndugu zangu, hebu tuifikirie miaka ile minne, kuanzia 2010 hadi 2014. Ni nani atapanda mwembe ikiwa hajui kama atakuwepo siku utakapozaa? Ni nani ataezeka bati, au kujenga ghala la tofali? Haki ya chakula huanza kwenye haki ya kujua kwamba utavuna ulipopanda.

Jirani zetu wa Kigoma

Upande wa pili wa mfano huu uko kwa jirani. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka 2015. Hawa walipokewa kwa utaratibu tofauti. Hawakupimiwa mashamba, hawakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na walitegemea mgawo wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Mwishoni mwa mwaka 2016 shirika hilo lilianza kuwapa baadhi ya familia fedha taslimu ili wajinunulie chakula wanachokitaka katika masoko ya hapo hapo. Mwaka 2017 utaratibu huo ulisimamishwa, ukarudi ule wa magunia.

Matokeo yake ni kwamba kila mfadhili akipunguza, sahani inapungua siku hiyohiyo. Mwezi Juni 2023 mgawo ulishushwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani, ambayo ndiyo iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko wote wa WFP, ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafunga shughuli zake. Uamuzi ulifanyika Washington. Aliyelala njaa ni mtoto aliyeko mbali na huko, asiyeweza kumpigia kura mtu yeyote.

Linganisheni wakimbizi wa mwaka 1973 na hawa. Wote walikimbia wakiwa hawana kitu. Tofauti ni ardhi na ruhusa ya kuitumia mikono yao. Najua serikali ina sababu zake, na ardhi ya mwaka 1973 siyo ya leo. Lakini asituambie mtu kwamba mkimbizi kwa asili yake ni ombaomba. Sisi wa Mpanda tumeona kwa macho.

Mahindi ya mjane

Sasa nirudi kwetu vijijini, maana njaa yetu siyo ya kambini. Njaa yetu ina kalenda. Tunavuna Mei hadi Julai, na ukali unaanza Desemba hadi mavuno mapya.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mama mjane amevuna magunia 12. Mwezi wa saba anadaiwa mbolea, mtoto anatakiwa shuleni, na dumuzi anamtisha. Anauza magunia sita kwa shilingi 40,000 kila moja. Anapata 240,000, zinaisha. Mwezi wa kwanza ghala ni tupu, na gunia sasa ni 90,000. Fedha zote alizopata kwa magunia sita hazitoshi kununua matatu. Na tusisahau kwamba alipouza alipimiwa lumbesa, gunia limefumuliwa na kuongezwa kilemba juu, na aliponunua alipimiwa kwa debe lililobonyezwa. Mama huyu hakukosa bidii wala mvua. Alikosa mkopo wa miezi sita na mahali salama pa kuweka mahindi.

Mara nyingine hata serikali inamwongezea mzigo bila kukusudia. Mwaka 2011, na tena mwaka 2017, mahindi yalizuiwa kusafirishwa nje ya nchi ili Taifa lisipungukiwe. Nia ni njema. Lakini aliyelipa gharama ya ugali wa bei nafuu wa mjini alikuwa mkulima wa Rukwa na Katavi, ambaye soko la Kalemie ng'ambo ya ziwa lilikuwa likimsubiri.

Sasa chukueni mama yuleyule, lakini kijiji kina ghala la kikundi. Mwezi wa saba anauza magunia matatu tu, na mengine matatu anayaweka ghalani kama dhamana. Kikundi kinamkopesha 120,000. Mwezi wa kwanza magunia yale yanauzwa, tuseme kwa 85,000: jumla 255,000. Analipa mkopo 120,000, riba 12,000 na gharama ya ghala 9,000. Anabaki na 114,000 mkononi wakati wa ukali, na magunia yake sita ya chakula hayajaguswa kwa ajili ya madeni. Bei inaweza isipande, kwa hiyo mtu asiweke yote. Lakini uamuzi wa lini auze sasa ni wake.

Hapo ndipo msaada wa nje ungetufaa: fedha za kuanzishia mfuko, turubai za kukaushia, mizani, na mifuko ya PICS isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi hufa kwa kukosa pumzi. Utaalamu wake hauhitaji semina ya hotelini. Pukuchua, kausha, kisha tia mahindi kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, utikise. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha mahindi juani.

Mambo matano ninayopendekeza

Kwanza, kabla ya kuandika andiko la mradi, tuhesabu tulicho nacho. Kamati ipite nyumba kwa nyumba: nani alivuna nini, aliuza lini, ghala lilikwisha mwezi gani, mtoto anakula nini mchana. Mfadhili akiuliza mahitaji, tumpe majibu ya kijiji, tusimpe majibu tunayodhani anataka kuyasikia.

Pili, chakula kikihitajika kinunuliwe karibu. Mtu mwenye njaa leo hapewi semina, anapewa chakula. Lakini mahindi ya kumlisha mhitaji wa Mpanda yapo Mishamo, na mchele upo Mpimbwe. Shilingi ya msaada ikinunua huko imelisha nyumba mbili. Tuwaombe wenzetu wa nje watume fedha, na sisi tuwape stakabadhi.

Tatu, ardhi iandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inamtambua mwanamke sawa na mwanamume. Jina la mama liwemo kwenye hati. Kamati ikisaidia familia hamsini kupata hati, itakuwa imefanya kazi ya miaka hamsini. Na mwekezaji akija, mkutano mkuu wa kijiji uisome hati ya makubaliano kwa Kiswahili kabla mtu hajatia saini.

Nne, ghala liwe na kufuli tatu. Wenye VICOBA mnalijua sanduku letu: lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo wanachama watatu tofauti, halifunguliwi mpaka wote wakutane. Ghala nalo liwe hivyo. Ufunguo mmoja ukae kwa mwanamke mwenye watoto wadogo, kwa sababu yeye ndiye anayejua mapema njaa inapoingia nyumbani. Na kwa heshima kubwa nasema: ufunguo usikae kwa paroko wala kwa mchungaji.

Tano, tupeane hesabu. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya ndugu wa Yerusalemu, hakuzibeba fedha peke yake. Wakorintho wa Pili, sura ya 8, inaeleza jinsi makanisa yalivyochagua mjumbe wa kusafiri naye, ili mtu asije akawa na la kusema. Pia anaeleza kwamba lengo ni usawa: aliyezidiwa leo amfae aliyepungukiwa, na kesho iwe kinyume chake. Basi mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa kanisa. Na mfadhili naye atuambie ni kiasi gani kilibaki kwake kwa magari na ofisi. Ndugu hukaguana pande zote mbili.

Hitimisho

Wengine watasema, misaada yote ni mibaya, tuikatae. Mimi sisemi hivyo. Kule Karema alifika mwaka 1889 kijana aliyetoka nchi ya mbali, Mali ya leo. Aliwahi kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu Malta. Jina lake Adrian Atiman. Yeye alikuwa msaada wa nje, kama mnavyoona. Akaoa, akazeeka akiwatibu watu wa mwambao ule, akafariki mwaka 1956 baada ya miaka zaidi ya 60 ya huduma. Alikula walichokula waliomzunguka. Msaada wa namna ile hatutaukataa kamwe.

Naomba kila kamati irudi na maswali manne na kuyajibu kabla ya msimu wa kupanda. Katika kijiji chetu, ghala linakauka mwezi gani, na nyumbani kwa nani kwanza? Msaada wa mwisho tulioupokea umeacha nini baada ya mfadhili kuondoka? Ni familia ngapi zinalima ardhi zisizo na hati? Na la nne ni lile tuliloanza nalo: ufunguo wa ghala letu ameushika nani?

Majibu yaandikwe na yaletwe katika mkutano ujao. Tusiandike andiko lolote la mradi kabla ya kuyasoma.

Mungu awabariki, aibariki Katavi na wote wanaolima ardhi yake.